Kolini kwa Kikurya

Watu wa Nyamwaga wakisimulia habari ya kichwa cha mama, husema alipelekwa Mwanza akaingizwa kwenye mashine, na mashine ikamwona mchawi aliyemroga. Naiandika hapa ili wakome. Mashine haikuona mchawi. Iliona kolini, na aliyelitafsiri neno hilo kwa Kikurya ni mimi, mbele ya mkwe wangu aliyekuwa ananikataza.

Nianze na mama ni nani, maana hata hapo watu hujikwaa. Mama hakunizaa. Alinioa. Alikuwa mjane, mabinti zake wote wameolewa mbali, na kwetu nyumba isiyo na mtoto wa kiume huitwa nyumba ntobhu, nyumba maskini. Mwanamke wa nyumba hiyo anaruhusiwa kutoa ng'ombe akaoa mwanamke mwenzake, amzalie watoto wa kuishika nyumba. Mimi nilikuwa nimerudi kwetu Machochwe nikiwa na cheti cha kidato cha nne, mtoto mgongoni, na alama za mwanaume niliyemkimbia. Mama alikuja kuniposa mwenyewe, amevaa kitenge kipya na viatu vya mvua. Aliniuliza swali moja tu, kama nina mdomo. Nikamwambia ninao. Akasema ng'ombe watakuja, na walikuja.

Nimeishi naye vizuri kuliko wanawake wengi ninaowafahamu wanavyoishi na waume zao. Anayetaka kununa kwa hilo, anune.

Kiswahili cha mama kinaishia kwenye salamu na bei ya ndizi. Mimi changu nilikipata shuleni, na kwa sababu hiyo zahanati huniita mara kwa mara. Wauguzi wanaopangiwa kwetu hutoka Lindi, Kigoma, Singida, na wazee wetu huumwa kwa Kikurya. Nikikaa katikati yao nimeona mengi. Nimemsikia mtu akiambiwa na muuguzi kwamba binti yake ana ujauzito, akageuka na kumtafsiria mkewe kwamba ni minyoo. Mtu wa katikati anaweza kudanganya pande zote mbili na asikamatwe. Ndiyo maana kazi hiyo naifanya kwa hasira kidogo, neno kwa neno, hata likiwa chungu.

Ugonjwa wa mama ulianzia mkono wa kushoto. Vikombe vilimponyoka. Alipokuwa akikamua, vidole vilichoka kabla ya maziwa kuisha. Kisha siku moja ya gulio, akiwa mbele ya ndizi zake, mkono ule ukaanza kucheza wenyewe, ukapanda begani, ukafika shavuni, akaanguka. Alipozinduka, jambo la kwanza alilouliza ni nani ameshika ndizi zake.

Tarime walimpa dawa za kutuliza kifafa, wakatuandikia kwenda hospitali kubwa Mwanza. Huko wakampiga picha ya kichwa kwa mashine ya sumaku, wakaona uvimbe upande wa kulia, ndani sana, mkubwa kama yai la njiwa. Daktari aliyetupokea alikuwa mwanamke wa makamo, anayeongea kwa sauti ya chini. Alisema uvimbe huo unaweza kuwa saratani ya ubongo. Unaweza pia kuwa donge la kifua kikuu kilichohamia kichwani, na hilo huyeyuka kwa vidonge. Kwenye picha yake, hakuweza kuvitofautisha. Njia iliyozoeleka ni kutoboa fuvu na kuchukua kipande cha nyama kikapimwe, lakini pale uvimbe ulipokaa, na kwa umri wa mama, kutoboa kungeweza kuumaliza kabisa ule mkono, au kummaliza mwenyewe.

Nikatafsiri. Mama akasikiliza mpaka mwisho, akafunga kilemba chake vizuri.

"Kichwa changu hakifunguliwi," akasema. "Mwambie."

Nikamwambia. Tukarudi nyumbani bila kujua anaumwa nini, na hilo ndilo lililokuwa likinikosesha usingizi. Kama ni kifua kikuu, alikuwa anakufa kwa kukosa vidonge ambavyo zahanati yetu inavigawa bure. Kama ni saratani, alikuwa na haki ya kuijua mapema, kichwa kikiwa bado ni chake.

Ukoo ukakaa kikao uani kwetu. Aliyekiongoza ni mdogo wake marehemu mume wa mama, ambaye mimi humwita baba mdogo, na ambaye kwa ndoa hii ni mkwe wangu. Si mtu mbaya. Ni mtu ambaye hajawahi kukatizwa akiongea. Yeye alisema ugonjwa unajulikana: zamani mama alipigwa teke la kichwa na ng'ombe, damu ikaganda, sasa inamsumbua. Dawa yake ni fundi wa ng'ambo ya mpaka, wale wanaopasua ngozi ya kichwa, wakakwangua mfupa, wakatoa uchafu, wakafunga. Sifanyi mzaha na ufundi huo. Nawajua wanaume waliopasuliwa na mafundi hao baada ya kupigwa marungu, na wanalima mpaka leo. Lakini mama hakuwa amepigwa rungu, na teke lenyewe lilimpata kabla sijazaliwa.

Mama aliwasikiliza wote, kisha akawauliza, "Wa Mwanza ana kisu. Wa ng'ambo ana kisu. Kila mtu anataka kuchungulia humu ndani. Hakuna anayejua kupiga hodi?"

Watu wakacheka, baba mdogo hakucheka. Hapo nikakumbuka neno ambalo daktari alilisema tukiwa tumeshasimama kuondoka. Alisema mashine ileile ya sumaku inaweza kutumika kwa namna nyingine, ikapima kemikali zilizomo ndani ya uvimbe bila kugusa ngozi. Jibu lake halina uhakika kama la nyama iliyokatwa, alisema, lakini linaweza kutosha kuamua. Nikamweleza mama palepale, mbele ya kikao.

"Inakata?"

"Haikati."

"Inafanyaje sasa?"

"Inasikiliza."

"Basi hiyo ndiyo imepiga hodi," akasema. "Twende."

Baba mdogo akasema hakuna mkamwana atakayembeba mtu wa ukoo mpaka Mwanza kama furushi lake. Ikiwa ni lazima, ataenda yeye. Akaenda, na koti lake zito na kofia yake, na mimi na mama tukaenda naye.

Mapokezi kulikuwa na kijana wa kiume aliyekuwa na haraka. Akaniuliza mimi ni nani wa mgonjwa.

"Mke wake," nikasema.

Akainua macho. "Mke wa huyu mzee?" akauliza, akimwonyesha baba mdogo.

"Hapana. Wa huyu mama."

Benchi zima likageuka. Mtu mmoja akaguna, mwingine akacheka kabisa, na kijana akasema kwa sauti kwamba mambo hayo hapa hayaruhusiwi. Nilikuwa nimechoka na miguu imevimba. Nikamwambia sikuja Mwanza kuchekesha watu. Nikamwambia kwetu mwanamke hutoa ng'ombe akaoa ili nyumba yake isifutike, hakuna anachokifikiria yeye hapo, na kama hajawahi kusikia, leo amesikia. Baba mdogo, aliyekuwa akikodoa macho sakafuni, alikohoa, akasema, "Ni kweli. Ni mke wa nyumba. Andika." Siku hiyo nilimpenda kwa muda mfupi.

Kwenye chumba cha mashine tukakwama tena. Mama alikuwa na bangili ya shaba aliyovishwa na mume wake, na haikuwa imetoka mkononi tangu siku hiyo. Mtaalamu wa mashine alisema chuma chochote, hata shaba, kitoke. Baba mdogo akasema hiyo haitoki, mjane wa kaka yake haivui bangili ile. Mama akanyoosha mkono kwangu.

"Aliyenivisha alishakufa," akasema, "na mimi sitamfuata kwa ajili ya shaba. Leta sabuni."

Nilisugua mpaka ikapita kwenye kifundo. Chini yake ngozi ilikuwa nyeupe na laini kama ya mtoto.

Aliingia kwenye ile mashine na sisi tukabaki nyuma ya kioo. Ilipiga kelele kama mashine ya kusaga inayokoboa mahindi makavu, mama akiwa ametulia. Mtaalamu alikuwa na subira kuliko yule wa mapokezi. Alinionyesha picha ya kichwa cha mama kwenye kompyuta, akachora kisanduku kidogo juu ya uvimbe. Akasema mashine itasikiliza ndani ya kisanduku hicho tu. Kila kemikali, akasema, ikiwa ndani ya sumaku huitika kwa mlio wake yenyewe, na kompyuta huugeuza kila mlio kuwa kilele kwenye mchoro. Alipomaliza pale, akahamisha kisanduku upande wa pili wa kichwa, mahali pazima, akasikiliza tena. Nikamuuliza kwa nini. Akasema ili kumlinganisha mama na mama mwenyewe. Nililipenda hilo. Wengine wote walikuwa wakimlinganisha na watu wengine.

Daktari alituita sote watatu. Aliweka michoro miwili mezani, mmoja kando ya mwingine, akazungumza na sisi wawili tunaojua Kiswahili. Kwenye ubongo mzima, alisema, kilele kirefu kuliko vyote ni cha kemikali moja yenye jina refu ambayo hukaa kwenye seli za neva zilizo hai. Ikiwepo kwa wingi, ujue wenyewe, zile seli, wapo nyumbani. Kilele cha kolini huwa kifupi. Akahamisha kalamu kwenye mchoro wa uvimbe. Hapa kile kirefu kilikuwa kimesinyaa, na kolini ilikuwa imesimama juu ya vyote.

"Kolini ni malighafi ya kuta za seli," alisema. "Ikipanda hivi, ujue seli zinajenga kuta mpya kwa haraka, zinaongezeka. Donge la kifua kikuu lingetuonyesha mafuta mengi na kolini kidogo. Hii ni saratani. Siwezi kuapa bila kipande cha nyama, lakini angekuwa mama yangu mzazi, ningemwanzishia mionzi."

Kabla sijafungua mdomo, baba mdogo aliweka kiganja chake mezani.

"Mkamwana," akasema kwa Kiswahili, ili mama asielewe. "Mwambie ni damu iliganda, kama nilivyosema. Mwambie atapewa dawa. Daktari, kwetu mgonjwa haambiwi neno hilo. Ukimwambia umemzika."

Nikamtazama daktari. Daktari akatazama kalamu yake, akasema kwamba familia ndiyo inayomjua mgonjwa, tuamue wenyewe namna ya kumwambia.

Niliwakasirikia wote wawili, na hasira hiyo ninayo mpaka sasa ninapoandika. Mwenye kichwa alikuwa amekaa palepale. Alikuwa akitazama midomo yao ikicheza kuhusu ubongo wake, kama ng'ombe ambaye watu wanapatana bei yake mnadani. Akanigusa goti.

"Wanasema nini muda wote huu?"

Mkamwana habishani na baba mkwe. Kwetu hata njia moja hampiti mkakutana uso kwa uso, mkamwana hukaa pembeni mpaka mkwe apite. Nilijua nitakacholipia nyumbani. Nikageuza kiti changu, baba mdogo nikampa mgongo, nikaanza kuongea Kikurya.

Kikurya hakina seli na hakina kolini. Nikatafuta. Nikamwambia kwamba ubongo wake ni kama kijiji cha nyumba ndogo sana zisizoonekana kwa macho. Nikamwambia mashine imesikiliza pande zote mbili. Upande mzima, wenyeji wapo, na tope la kukandikia ni kidogo, la kuziba ufa hapa na pale. Upande wenye uvimbe, tope limejaa kila mahali. Kuna watu wanajenga bila kupumzika, nyumba juu ya nyumba, na wenyeji wanabanwa na kupungua. Wajenzi hao wanaitwa saratani. Hakuna damu iliyoganda, na hakuna kifua kikuu.

Nyuma yangu kiti kilisogea. Baba mdogo alikuwa amesimama.

Mama hakulia. Ule mkono mbovu ulikuwa umelala mapajani mwake, na nikaanza kuogopa kwamba huenda mzee yule alikuwa na haki na mimi nimemzika kweli.

"Wamejenga bila kuniuliza," mama akasema mwishowe.

"Ndiyo."

Kisha akamwangalia baba mdogo, na polepole uso wake ukafunguka. Mume wake alipokufa, kabla hata matanga hayajaisha, shemeji zake walisimika miti ya nyumba kwenye shamba lake la ndizi, wakiamini mjane asiye na mtoto wa kiume hana la kusema. Mama alitoka peke yake akaing'oa yote, akaipanga barabarani, akapikia uji wa kikao kilichoitishwa kumlaumu. Huyu aliyesimama nyuma yangu alikuwa mmoja wa wajenzi wale. Habari hiyo Nyamwaga yote inaijua. Mama akaanza kucheka, kicheko cha kweli, mpaka ikabidi ashikilie meza.

"Uliza," akaniambia, "hawa wanang'olewaje."

Nikauliza. Daktari akaeleza mionzi, jinsi inavyolengwa, kwamba nywele zitatoka mahali itakapopita, kwamba atachoka. Akasema wazi haitawamaliza. Itawasimamisha kwa muda. Hayo pia nikayatafsiri yalivyo.

"Muda gani?"

"Anasema hajui."

"Kama amekubali hajui, basi na hayo mengine ni kweli," mama akasema. "Tuanze."

Baba mdogo alinisubiri koridoni. Aliniambia nikimzika aliyeshika nyumba ya kaka yake, nimemuua kaka yake mara ya pili. Nikampa heshima yake, nikainamisha kichwa, nikamwambia, "Baba, mgonjwa ni yeye. Ulitaka tumfiche kichwa chake mwenyewe." Kijijini alinishitaki kwa ukoo kwamba nimempa mgongo mkwe wangu mbele ya watu, na ukoo ukanitaka niombe radhi. Niliomba radhi kwa kumpa mgongo, kwa sababu hilo nililifanya. Kwa nilichokisema sikuomba, na sitaomba.

Mionzi ilimchosha mama kama alivyoambiwa. Tulirudi Nyamwaga akiwa na upara upande mmoja, juu ya sikio. Nilimnunulia kilemba kikubwa, akakitumia kufunikia maziwa. Alirudi gulioni na upara wake nje. Kwetu watu wakitaja saratani hushusha sauti, husema "ule ugonjwa", kana kwamba ukiitwa utakuja. Mama alikuwa akiulizwa hali, anajibu kwa sauti ya mnadani kwamba ana saratani kichwani na ndizi anazo, kama mtu hanunui asimzibie njia. Wengine walisogea kando. Wengine walianza kumletea dalili zao, kwa siri, na yeye akawatuma kwangu niwapeleke zahanati.

Mkono haukurudi. Alijifunza kukamua kwa mmoja, akimtukana ng'ombe kila asipotulia.

Muda ulipofika wa kupimwa tena, baba mdogo alijitokeza asubuhi akiwa na koti lake, bila kuitwa. Tangu yale ya koridoni alikuwa haongei na mimi, anamwambia mtoto aniambie. Tulikwenda hivyohivyo. Mashine ikasikiliza tena pande zote mbili, na daktari yuleyule akatuita, akaweka mchoro wa zamani na mchoro mpya. Nikavuta pumzi ili nianze kazi yangu.

Mama akanishika mkono. "Wewe nyamaza," akasema. Akaelekeza kidevu kwa baba mdogo. "Leo ataniambia yeye."

Nikamweleza daktari. Akashangaa kidogo, kisha akamgeukia mzee, akaeleza taratibu. Kilele cha kolini kilikuwa kimeshuka, ila hakijafikia kile cha upande mzima. Seli zimepunguza kasi. Bado zipo, na zinaweza kuanza tena, hawezi kusema lini.

Baba mdogo alikuwa akiizungusha kofia yake magotini. "Anasema unaendelea vizuri," akamwambia mama.

Mama akanitazama. Mimi nilikuwa nimeambiwa ninyamaze, nikanyamaza, ingawa ulimi uliniwasha.

"Yeye ameongea sana," mama akamwambia. "Wewe umeongea kidogo. Yaliyobaki umeyaweka wapi?"

Mzee akalifuta paji la uso kwa ile kofia. Sikuwahi kumwona akitafuta maneno. Alipoanza tena, sauti yake ilikuwa imekauka, na alimtazama mama usoni, jambo ambalo nadhani hakuwa amelifanya miaka mingi.

"Tope limepungua," akasema. "Hawajengi kwa kasi ile. Lakini wapo, shemeji. Hawajaondoka. Na wanaweza kuanza tena."

"Wapo?"

"Wapo."

"Mwambie na mimi nipo," mama akasema.

Daktari akauliza mama amesemaje. Baba mdogo akasimama wima, koti limefungwa, kama anavyosimama akiwa na neno la kuuambia ukoo mzima.

"Anasema na yeye yupo," akasema. "Hajaondoka."